Kuondoka kwa Díaz Kumeniuma Kuliko kwa Alonso

Katika muda usiotimia wiki tano, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 2025, timu ya besiboli ya New York Mets iliachana na wachezaji wanne ambao shabiki yeyote wa timu hiyo angeweza kuwataja akiwa usingizini. Brandon Nimmo alipelekwa Texas Rangers, mrushaji Edwin Díaz akakubaliana na Los Angeles Dodgers, mpigaji Pete Alonso akakubaliana na Baltimore Orioles siku moja baadaye, na Jeff McNeil akapelekwa kwa Athletics. Tangu hapo sijasikia mazungumzo ya besiboli yasiyoanza na Alonso. Mimi naona wenzangu wanalia kilio cha haki lakini kwenye kaburi lisilo lenyewe, na ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Sisi tunaofuatilia mchezo huu hapa Mombasa ni wachache mno, na tunajuana. Wengine waliambukizwa wakiwa mabaharia, wengine walisoma Marekani wakarudi nao, na mimi niliupata kwa mjomba wangu aliyerudi safarini na kofia ya buluu yenye herufi za rangi ya chungwa, akanivika kabla sijajua hata mpira wenyewe ulivyo. Barazani kwetu Kibokoni, ambako jirani zetu wote wanabishana kuhusu Arsenal na Manchester United, tunavumiliwa kama watu wenye ugonjwa usioambukiza. Michezo ya usiku ya New York huanza hapa saa nane na dakika kumi, watu wengine wakiwa wamelala, kwa hiyo mtu anayebaki kuifuatilia msimu mzima wa michezo 162 si wa kubahatisha, na akikasirishwa na uongozi hasira yake ina mizizi.

Kwa msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka, inafaa nieleze jinsi mambo yanavyokwenda huko. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, klabu hainunui mchezaji wa klabu nyingine kwa ada ya uhamisho kama tunavyosikia Ulaya. Mchezaji aliyetimiza miaka 6 ya utumishi katika ligi kuu huwa huru mkataba wake unapokwisha, na timu yoyote yaweza kumfuata. Akiwa bado ndani ya mkataba, klabu yake ina uwezo wa kumbadilisha na mchezaji wa klabu nyingine, mara nyingi bila kumtaka shauri, isipokuwa mkataba wake una kifungu kinachompa haki ya kukataa. Nimmo alikuwa na kifungu hicho, na alikubali kukiweka kando ili aende Texas.

Hakuna ukomo wa mishahara unaokataza timu kutumia, ila kuna kodi. Kwa mwaka 2026 kodi hiyo inaanza mishahara ya timu inapovuka dola milioni 244, na kiwango chake hupanda kwa timu inayorudia mwaka baada ya mwaka na kwa timu inayopita ngazi za juu zaidi. Ngazi ya mwisho, ya dola milioni 304, mashabiki wameibandika jina la mmiliki wa Mets, Steve Cohen, kwa kuwa iliwekwa hasa kwa ajili ya matajiri wa aina yake. Mets wako huko juu, na kila dola moja wanayoiongeza juu ya ngazi hiyo inawatoza dola nyingine na senti 10. Kwa msimu wa 2025 pekee walidaiwa kodi ya zaidi ya dola milioni 91. Ninayataja haya kwa sababu kuna mashabiki wanaodhani Cohen ameanza kubana mkono, na hesabu hizi hazionyeshi mkono uliobanwa. Mtu aliyempa Juan Soto mkataba wa miaka 15 na dola milioni 765 mwezi Desemba 2024 hakushindwa na mshahara wa Alonso. Hakuutaka, na kushindwa na kutotaka si jambo moja.

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe, maana ndio uliozaa yote haya. Tarehe 12 Juni 2025 Mets walikuwa wameshinda michezo 45 na kupoteza 24, rekodi bora kuliko timu zote za ligi. Kuanzia siku iliyofuata hadi mwisho walishinda 38 na kupoteza 55. Walimaliza na 83 kwa 79, sawasawa na Cincinnati Reds, na Reds ndio waliosonga mbele kwa kuwa walikuwa wamewashinda Mets walipokutana wao kwa wao. Siku ya mwisho kabisa, timu iliyohitaji ushindi mmoja ilifungwa na Marlins mjini Miami bila kupata hata pointi moja. Na kuna jambo moja katika msimu ule ambalo kila nikilikumbuka natikisa kichwa: hawakushinda hata mchezo mmoja kati ya ile waliyoingia zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, wakiwa nyuma. Timu yenye Soto, Lindor na Alonso, mwaka mzima, haikupindua mchezo hata mmoja dakika za mwisho.

Wanaotetea kuachwa kwa Alonso hupenda kuirudia siku hiyohiyo ya tarehe 12 Juni, na nakiri kwamba wana hoja. Mets walikuwa wakicheza na Washington Nationals nyumbani, Kodai Senga akirusha vizuri kama alivyokuwa akirusha msimu wote. Zamu ya sita, mpira ulibingirika kuelekea kwa Alonso, mlinzi wa kituo cha kwanza, naye alikuwa ametoka kituoni kwake kuufuata. Kazi ya mrushaji hapo ni kukimbilia kituo cha kwanza na kupokea mpira kutoka kwa mwenzake, jambo linalofanywa mara nyingi sana katika msimu na ambalo hakuna anayelitazama mara mbili. Alonso aliurusha juu mno. Senga akaruka, akanyoosha mkono wa glavu, akaudaka na kutua na mguu mmoja juu ya kituo, mpigaji akatolewa. Kisha akaanguka akishika nyuma ya paja. Aliporejea wiki kadhaa baadaye hakuwa yule tena, na mwezi Septemba alikubali kushushwa ligi ya chini ili ajirekebishe. Mchezo ule Mets waliushinda. Uliobaki wa msimu ndio huo nilioutaja.

Kwa hiyo David Stearns, rais wa shughuli za besiboli wa klabu, aliposema baada ya msimu kwamba timu lazima ijifunze kuzuia pointi za wapinzani kabla ya kufikiria kuongeza zake, kila mtu alielewa ni nani aliyekuwa akitazamwa. Kituo cha kwanza kinapokea mipira kutoka kwa kila mtu wa ndani ya uwanja, na Alonso hajawahi kusifiwa kwa glavu yake wala kwa mkono wake.

Barazani kwetu kuna mzee mmoja, baharia wa zamani, ambaye hataki kusikia neno hilo la kuzuia pointi. Yeye na kijana mmoja, mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, wamekuwa wakivutana juu ya Alonso tangu habari zilipotoka.

"Ami," kijana alimwambia usiku mmoja, akihesabu kwa vidole, "mtu ana miaka 31. Baltimore wamempa miaka 5 na dola milioni 155. Mwaka wa nne atakuwa anakimbia kama nani? Mwaka wa tano atalipwa kwa kazi gani?"

"Kwa kazi ya Milwaukee," mzee akajibu, akamsukumia muuza kahawa kikombe chake kijazwe tena, kana kwamba shauri limekwisha.

Kila shabiki wa Mets anajua maana ya jibu hilo. Tarehe 3 Oktoba 2024, mchezo wa tatu na wa mwisho wa hatua ya kwanza ya mtoano dhidi ya Milwaukee Brewers, Mets waliingia zamu ya tisa wakiwa nyuma kwa pointi 2 bila. Aliyekuwa akirusha ni Devin Williams, bingwa wa kumalizia michezo, mwenye mrusho mmoja wa polepole unaopinda kinyume na macho ya mpigaji yanavyotarajia. Francisco Lindor akapata kituo bila kupiga, Nimmo akapiga na kufika, kisha Alonso, ambaye siku zile za mwisho alikuwa akipwaya, akaukuta mrusho huohuo maarufu na kuupeleka nje ya ukuta wa upande wa kulia. Pointi 3 kwa pigo moja, na Mets wakashinda 4 kwa 2. Hapa Mombasa ilikuwa karibu na adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimeibana simu sikioni, sauti ikiwa chini nisiwaamshe watoto, na nilipopiga kelele niliwaamsha wao na mama yao na nyumba ya pili.

Mzee anapoitaja Milwaukee anamaanisha kwamba kuna wachezaji ambao hesabu haiwapati. Alonso aliingia ligi kuu mwaka 2019 akavusha mipira 53 ukutani, rekodi ya mchezaji wa mwaka wa kwanza ambayo haijavunjwa. Mwezi Agosti 2025 alimpita Darryl Strawberry na kuwa mwenye mipigo mingi zaidi ya aina hiyo katika historia ya klabu iliyoanza mwaka 1962, na aliondoka akiwa na 264. Katika misimu miwili ya mwisho hakukosa mchezo hata mmoja kati ya 162. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa wachezaji wengi wa mishahara ya namna yake hutumia wiki nzima kwenye meza ya daktari.

Pamoja na hayo yote, mimi nipo upande wa yule kijana, ingawa sikumwambia mbele ya mzee. Uhai wa Alonso uko katika nguvu na katika kasi ya mikono, na wachezaji wenye umbo lake na kazi yake mara nyingi huanza kuteremka wakiwa na miaka 32 au 33, na wakiteremka hawana glavu wala miguu ya kuwaokoa. Msimu wa 2025 alivusha mipira 38 na kuwaingiza wenzake au kuingia mwenyewe mara 126, msimu mzuri sana, na ni kawaida ya soko kukulipa kwa msimu uliopita huku likikudai misimu ijayo. Klabu iliyomwambia tangu mwaka uliotangulia kwamba haitaki mkataba mrefu, ikampa wa miaka 2 wenye mlango wa kutokea baada ya mwaka mmoja, haikumdanganya. Yeye aliutumia mlango, akapata alichokitaka Baltimore, na namtakia heri. Kinachonisumbua ni kwamba aliondoka kabla klabu haijajua nani atasimama mahali pake, na nitalirejea hilo.

Kuhusu Nimmo nitasema machache. Alichaguliwa na Mets katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa chipukizi mwaka 2011, akiwa ametoka Wyoming ambako shule za sekondari hazina hata timu za besiboli, na akakaa nao hadi Novemba. Alikuwa amebakiwa na miaka 5 ya mkataba na miguu yake haikuwa tena ya kukimbia katikati ya uwanja. Aliyekuja badala yake, Marcus Semien, ana miaka 35 na amebakiwa na miaka 3, na mwaka 2025 alipewa tuzo ya glavu bora kwenye kituo cha pili. Gongo lake limepoa, hilo hata yeye hawezi kulikanusha. Ni mabadilishano ya mtu mwenye gharama ndefu kwa mwenye gharama fupi, na ya mpigaji kwa mdakaji. Yanaendana na maneno ya Stearns, basi tumpe haki yake. McNeil, bingwa wa wastani wa upigaji wa ligi ya taifa (National League, moja ya matawi mawili ya ligi kuu) mwaka 2022, alikosa nafasi tangu siku Semien alipofika, na ilikuwa suala la muda tu.

Ninapokwama ni kwa Díaz.

Kazi ya mrushaji wa kumalizia ni kuingia zamu ya tisa timu yake ikiongoza kwa pointi chache na kuhakikisha mpinzani hapati ya kusawazisha. Huko Citi Field, uwanja wa Mets, Díaz alipokuwa akitoka chumba cha warushaji, tarumbeta zilipigwa katika vipaza sauti na watu wote wakasimama, na mara nyingi wapigaji watatu waliofuata walirudi kukaa bila kuugusa mpira. Mwaka 2023 alikosa msimu mzima kwa kuumia goti akisherehekea ushindi wa Puerto Rico katika mashindano ya dunia, na mashabiki wakamngoja. Mwaka 2025 wastani wake ulikuwa pointi 1.63 kwa kila zamu 9, akaokoa michezo 28, akatajwa mrushaji bora wa akiba katika ligi ya taifa. Haya aliyafanya katika timu ambayo warushaji wake wengine walikuwa wakivuja kila upande.

Dodgers walimpa miaka 3 na dola milioni 69. Si miaka 5, wala si 7, bali 3. Hoja yote ya kijana wetu wa bandarini, ya mwaka wa nne na wa tano, hapa haina pa kusimama. Tena klabu iliyosema mbele ya watu kwamba shida yake ni pointi inazofungwa ikamwachia mtu aliyefungwa pointi chache kuliko yeyote, na ikamwachia aende kwa mabingwa wa 2024 na 2025, timu ambayo Mets hawana budi kuipita wakitaka kufika World Series, yaani fainali ya ligi kuu, na ambayo ndiyo iliyowatoa mwaka 2024. Nimesoma utetezi kwamba Mets nao walitaka abaki na kwamba tofauti ya fedha ilikuwa ndogo. Utetezi huo ndio unaoniumiza zaidi. Ukiwa unalipa kodi ya senti 110 kwa kila dola, bado dola milioni chache kwa mtu wa namna hii si mahali pa kuonyesha nidhamu.

Waliomtangulia mlangoni kuja kuchukua kazi yake ni nani? Devin Williams yuleyule wa Milwaukee, kwa miaka 3 na dola milioni 51. Alikuwa amepitia New York Yankees mwaka 2025, ambako wastani wake ulikuwa 4.79 na alipokonywa kazi ya kumalizia kabla msimu haujafika mbali. Mwenzake wa Yankees, Luke Weaver, akamfuata kwa miaka 2 na dola milioni 22. Wachambuzi wa takwimu wanasema Williams alikuwa na bahati mbaya, kwamba aliendelea kuwakosesha wapigaji kama zamani na kwamba mipira iliyompita ingeweza kudakwa. Inawezekana. Lakini angalieni mzunguko wenyewe: kati ya wanaume watatu waliomwadhibu Williams usiku ule wa Oktoba 2024, Nimmo hayupo, Alonso hayupo, amebaki Lindor peke yake, na aliyeadhibiwa ndiye tunayemkabidhi funguo. Mzee wetu alipoambiwa habari hiyo alicheka mpaka akakohoa.

Stearns alitoka Milwaukee kabla ya kuja New York, jiji alilozaliwa na ambako alikua akiishabikia Mets hiihii, na kuna mashabiki wanaodai kwamba anaijenga upya timu yake ya zamani. Mwezi Januari aliwapa sababu nyingine ya kusema hivyo alipomleta Freddy Peralta kutoka Brewers pamoja na Tobias Myers, akiwatoa chipukizi Brandon Sproat na Jett Williams. Kwangu mimi hilo ndilo jambo bora kuliko yote yaliyofanywa mapumziko haya. Peralta alishinda michezo 17 mwaka 2025 kwa wastani wa 2.70, akawatoa kwa mirusho mitupu wapigaji 204, na mshahara wake wa 2026 ni dola milioni 8 tu, fedha ambayo kwa soko la warushaji wa daraja lake ni kama bure. Ukimweka karibu na Nolan McLean, kijana aliyeingia Agosti na kurusha kwa wastani wa 2.06 katika michezo yake 8 ya kwanza, unaanza kuona timu isiyohitaji pointi 7 kila usiku.

Siku chache kabla ya hapo palikuwa na sokomoko. Kyle Tucker, mpigaji aliyekuwa akiwaniwa na Mets, aliwachagua Dodgers kwa miaka 4 na dola milioni 240, na huo ulikuwa usiku mbaya kwa kila aliyevaa buluu na chungwa. Kesho yake Mets wakamchukua Bo Bichette kwa miaka 3 na dola milioni 126, kisha Luis Robert wa Chicago White Sox, mkimbiaji na mdakaji mzuri wa katikati ya uwanja ambaye mwaka 2023 alivusha mipira 38 na tangu hapo amekuwa mgonjwa zaidi kuliko mchezaji. Bichette ni mpigaji wa kweli. Katika mchezo wa saba wa World Series ya 2025, akiwa bado anachechemea kwa goti, alimpiga Shohei Ohtani pigo la pointi 3 lililokaribia kuipa timu yake ya wakati huo, Toronto Blue Jays, ubingwa. Lakini amecheza karibu maisha yake yote kati ya kituo cha pili na cha tatu, na hata hapo glavu yake ililalamikiwa. Sasa anahamishiwa kituo cha tatu. Nielezwe jinsi hilo linavyozuia pointi.

Tena tazama mikataba. Bichette anaweza kuondoka baada ya msimu mmoja akitaka. Peralta atakuwa huru mwisho wa mwaka. Jorge Polanco, aliyetoka Seattle Mariners, ana miaka 2. Robert ana mwaka wa 2026, na wa pili kwa hiari ya klabu. Mets wamegeuka nyumba ya wapangaji, kila mmoja na tarehe yake ya kuhama, na wenye nyumba waliobaki ni Lindor na Soto. Kwa upande wa fedha hiyo ni akili: hakuna mkataba mpya utakaoilemea klabu mwaka 2030, na makubaliano ya kazi kati ya ligi na chama cha wachezaji yanakwisha tarehe 1 Desemba 2026, hivyo hakuna anayejua sheria za kodi zitakuwaje. Kwa upande wa shabiki, ni vigumu kumnunulia mtoto fulana yenye jina mgongoni. Binti wa mjomba wangu anaishi Queens, New York, na anasema mwanawe ana fulana ya Alonso na hataki kuivua wala hataki kwenda nayo uwanjani, na mama mtu hajui la kumfanya.

Nirudi kwenye kituo cha kwanza. Anayetarajiwa kukaa hapo kwa sehemu kubwa ni Polanco, ambaye alipiga vizuri akiwa na Seattle Mariners mwaka 2025, mipira 26 nje ya ukuta, lakini ambaye miaka yake yote ameitumia kwenye kituo cha pili na jirani zake. Wanaosema kwamba kituo cha kwanza ni rahisi hawajatazama tena ule mpira wa Senga. Kujua lini utoke na lini ubaki, kupokea mpira unaodunda mbele ya vidole vya miguu, kumpa mrushaji anayekimbia mpira wa kifuani: hayo ndiyo yaliyomtoa Alonso machoni pa uongozi, na mahali pake amewekwa mtu anayejifunza. Mark Vientos naye amejaribiwa hapo, na sioni kwamba glavu yake ni bora. Kama nia ilikuwa glavu, palikuwa na njia nyoofu ya kumtafuta mwenye glavu. Kama nia ilikuwa kutojifunga kwa miaka 5, basi hilo lisemwe wazi, nasi tutalielewa. Kijana wa bandarini amekwisha kulielewa bila kuambiwa na mtu.

Ninayaandika haya Februari 2026, warushaji na wadakaji wakiwa wamekwisha kuripoti kambini Port St. Lucie, Florida. Ramadhani imetufanyia wepesi mwaka huu, kwa kuwa michezo ya mazoezi ya mchana wa huko inaanza hapa saa tatu na dakika kumi usiku, watu wakitoka kwenye tarawehe, na unaweza kutazama zamu 9 nzima na bado ukawahi daku. Mzee ameapa kwamba atawafuatilia Orioles mwaka huu. Hakuna aliyemwamini. Mchezo wa kwanza wa msimu ni tarehe 26 Machi, nyumbani dhidi ya Pittsburgh Pirates, na mimi sitakuwa nikitazama gongo la Bichette wala miguu ya Robert. Nitangoja timu ifike zamu ya tisa ikiongoza kwa pointi moja, Williams akiwa na mpira mkononi na wapinzani wawili vituoni, ndipo nitakapojua kama Stearns aliziweka vizuri zile dola milioni alizookoa kwa Díaz. Kwa sasa jibu langu ni hapana, na kijana ameniahidi kahawa ya mwezi mzima ikiwa atanithibitishia kinyume kufikia Juni, jambo ambalo mimi naona ni yeye ndiye anayepaswa kunywa akishinda, lakini hesabu ni kazi yake.